ALIZIKA MKE NA MTOTO, LAKINI HAKUMWACHA MUNGU



Labda karatasi hii imekukuta msibani. Umezika, au umeuguza mpaka pesa zimekwisha. Wengine wanakuambia eti umelogwa, nenda kwa mganga. Wengine wanasema kama ungekuwa umeokoka kweli usingepatwa na haya. Hebu kaa kidogo, nikupe habari za mtu aliyepita njia hiyo hiyo hapa pwani ya Afrika Mashariki.

Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, mtoto wa mkulima. Akiwa na miaka 11 jirani alimpiga vibaya bila kosa, akaugua miezi sita. Pale kitandani ndipo alipozama katika Biblia. Shetani alitaka kumvunja, kumbe Mungu anamwandaa!

Alipokuwa mtu mzima alikwenda Ethiopia kuhubiri. Huko, wakiwa safarini nyikani, mkewe Rosine alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa. Walimpa jina Eneba, maana yake Chozi. Wewe ungefanyaje? Si ungerudi kwenu? Wao hawakurudi. Mwaka 1844 wakaja kukaa Mombasa.

Sasa sikia. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto mwingine wa kike. Homa ikawashika mume na mke. Rosine akafa, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi, hata kuinuka aone kama kweli mkewe amekata roho ilikuwa kazi. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lipo mpaka leo.

Hana mke, hana mtoto, hana nguvu. Lakini aliwaandikia waliomtuma, chama cha CMS cha Uingereza, akawaambia kaburi hilo ni dalili kwamba vita vya Injili vimeanza Afrika Mashariki, basi wasirudi nyuma. Mpendwa, imani si kutokulia. Imani ni kulia huku umemshika Mungu.

Krapf aliirudia kazi aliyoianza mwezi Juni, kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 akampata mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Hata siku hiyo ya kuhamia wote wawili walikuwa na homa! Mtu wao wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, maskini mlemavu, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Ni mmoja tu, lakini mbinguni ilikuwa shangwe.

Mwaka 1851 alisafiri Ukambani. Karibu na mto Tana wakavamiwa, na Kivoi, mkubwa aliyekuwa mwenyeji wake, akauawa. Krapf alikimbilia porini peke yake. Usiku anatembea, mchana anajificha, njaa inauma, maji kayatia ndani ya mtutu wa bunduki. Mungu akamfikisha Rabai akiwa hai.

Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi kwao. Alikuja tena mwaka 1862, akawasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Mwezi Novemba 1881, huko Ujerumani, aliingia chumbani usiku kama kawaida. Asubuhi wakamkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Mwaka uliofuata kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka London. Yeye hakuona mavuno. Leo Yesu anahubiriwa kwa Kiswahili toka Mombasa mpaka Kongo! Fungua Yohana 12:24 usome mwenyewe habari za mbegu.

Ndugu yangu, dada yangu, shida si ushahidi kwamba Mungu amekuacha. Ayubu hakuachwa, Krapf hakuachwa, na wewe hujaachwa. Usiende kwa mganga. Usikate tamaa! Kama hujampokea Yesu, piga magoti hapo ulipo uombe hivi:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Nakukabidhi msiba wangu na maisha yangu. Nishike mkono, hata nisipoelewa. Amina.

Umeomba kwa moyo? Basi umeokoka. Tafuta kanisa la watu waliookoka karibu nawe, uwaambie, waombe pamoja nawe. Ukimaliza kusoma mpe jirani aliyefiwa. Mungu akubariki.