Erlang na Msongamano wa Simu

Wapo watu ambao majina yao hutajwa kila siku na wahandisi wa simu, ilhali maisha yao hayajulikani hata darasani. Mmoja wao ni Agner Krarup Erlang, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, nchini Denmark. Babake alikuwa mwalimu wa shule. Mwana naye, baada ya kuhitimu hisabati katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1901, alishika chaki kwa miaka kadhaa.

Katika chama cha wanahisabati alijuana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1908 Erlang akajiunga na kampuni hiyo. Swali lililomkabili pale lilikuwa la mizani: nyaya zikizidi, fedha zinapotea bure, zikipungua, wateja wanakosa njia. Je, zitoshe ngapi?

Makala yake ya 1909 ilionyesha kwamba simu huingia kwa kubahatisha, na kwamba bahati hiyo ina kanuni inayokokotoleka. Mwaka 1917 akatoa fomyula zilizompa sifa: moja ya mpigaji anayekosa njia na kuondoka, nyingine ya yule anayesubiri zamu.

Hebu tuchukue mfano. Ofisi ina nyaya 10, na simu zinazoingia, lau zote zingepokelewa, zingeshika nyaya 5 kwa wastani. Hapo, katika kila simu 1,000, takriban 18 zitakosa njia. Jirani yake ana nyaya 10 na shughuli kama hiyo. Wakiziunganisha ziwe 20 za pamoja, simu zitakazokosa njia zitakuwa kama 2 tu katika kila 1,000. Hakuna waya ulioongezwa! Aidha, msongamano hutokea hata pasipo mchoyo yeyote, jambo ambalo wasimamizi wengi wa mitambo, nionavyo, hulisahau wanapowakaripia watumiaji.

Hata hivyo, Erlang alishughulikia ulimwengu ambamo kila mpigaji hushika waya mmoja. Katika intaneti mambo ni mengine. Mnamo 1986 mtandao huo, ungali mchanga, ulisongamana hata karibu ukwame, na mwaka 1988 Van Jacobson akaeleza jinsi kompyuta zinavyoweza kupunguza kasi zenyewe zionapo dalili za msongamano. Lakini utaratibu huo hugawa njia kwa kuhesabu mikondo, si watu. Mwanafunzi anayepakua filamu kwa mikondo kumi aweza kupata karibu mafungu kumi, huku mwenzake anayesoma ukurasa mmoja akiambulia fungu moja. Fomyula haiwezi kuamua iwapo hiyo ni haki. Shule yenye laini moja kwa maabara nzima haina budi kuamua yenyewe nani ahesabiwe.

Erlang hakuoa. Alikuwa mpole na mkarimu, na wahitaji walizoea kumwendea kazini kuomba msaada. Alifariki tarehe 3 Februari 1929, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1946 jina lake likafanywa kipimo cha kimataifa. Nasi wanaisimu hufurahia nomino ya pekee inapogeuka ya kawaida: waya mmoja ukitumika saa nzima bila kupumzika, umebeba erlang moja, kwa herufi ndogo.