Tilly Shilling: fundi aliyeitibu kabureta ya Spitfire

Wadau, stori za marubani wa Vita Kuu ya Pili tumezisikia sana, ila mafundi wao hawatajwi. Leo nawaletea mwanamama ninayemhusudu kuliko marubani wote: Beatrice Shilling, maarufu kama Tilly.

Alizaliwa 1909 huko Hampshire, Uingereza, mtoto wa mwenye bucha. Akiwa na miaka 14 akanunua pikipiki, akawa anaifungua na kuifunga mwenyewe. Akasomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Manchester, akamaliza 1932, halafu akaongeza masters ya mitambo. Enzi hizo mabinti darasani humo walikuwa wa kuhesabu. 1934 akaingia kwenye mbio za Brooklands na Norton yake, akazunguka kwa maili 106 kwa saa (kama kilomita 170), akapewa beji ya Gold Star. 1936 akaajiriwa kituo cha utafiti wa ndege, Farnborough.

Kasheshe ikaja 1940. Ndege za Spitfire na Hurricane zilikuwa na injini ya Merlin yenye kabureta. Messerschmitt ya Mjerumani ilipiga mafuta kwa pampu moja kwa moja kwenye silinda. Mjerumani akibanwa, anainamisha pua ghafla, huyoo! Mwingereza akimfuata, injini inakata moto. Ilibidi kwanza aibinue ndege ndipo ashuke, na sekunde hizo zilitosha adui kupotea, au kumgeukia.

Ukiwa na pikipiki ya kabureta utanielewa. Kuna kibakuli cha mafuta, ndani kuna boya linalofungua na kufunga sindano. Pua ikiinama ghafla, mafuta yanarushwa juu ya kibakuli, injini inakosa na kukohoa. Boya nalo linachanganyikiwa, linaacha njia wazi, pampu inajaza mafuta kupita kiasi. Moshi mweusi, kimya. Yaani kwanza njaa, kisha kuvimbiwa!

Tilly hakusubiri injini mpya. Alipiga hesabu ya mafuta ambayo injini inahitaji ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, akabuni kidude cha shaba chenye tundu linalopitisha kiasi hicho tu. Kinafungwa kwenye njia ya mafuta, ndege hairudi kiwandani. Mwanzoni mwa 1941 yeye na timu yake wakazunguka viwanja vya ndege wakivifunga, na marubani wakakipa jina la utani kwa jina lake.

Tusidanganyane, hakikumaliza ugonjwa wote. Kuruka kichwa chini kwa muda mrefu kulibaki shida mpaka kabureta za presha zilipokuja baadaye. Ila kile kifo cha ghafla cha injini kilidhibitiwa, na wapo vijana waliorudi nyumbani kwa sababu hiyo.

Baada ya vita hakutulia. Alihamia mbio za magari, na akiwa na miaka hamsini na kitu alikuwa anakimbiza Austin-Healey Sebring Sprite. Alistaafu 1969, akafariki Novemba 1990.

Mimi ninachojifunza: gari likikusumbua, usikimbilie kubadili injini. Uliza kwanza mafuta yanapita wapi na yanazidi wapi. Dawa inaweza kuwa tundu dogo tu.

Mnasemaje wadau? Mafundi wa kabureta, uwanja ni wenu.