Profesa asiye na digrii aliyekuta viti vya pweza wakibeba watoto

Ukienda Diani au Watamu maji yakitoka, utamwona mnyama mwenye mikono mitano amelala tu kwenye mchanga. Watu wa Pwani humwita kiti cha pweza. Najua huna stori naye. Unapiga picha, unapandisha, unaenda kutafuta viazi karai. Lakini kulikuwa na jamaa mmoja aliyeacha mke na mtoto nyumbani akakaa melini miaka mitatu na nusu, na kati ya mambo aliyorudi nayo ni hili: kule kwenye baridi ya kusini kabisa mwa dunia, kuna viti vya pweza wanaolea. Mama anabeba wadogo wake mwilini mpaka waweze kujitegemea.

Anaitwa Charles Wyville Thomson. Alizaliwa tarehe 5 Machi 1830 huko Bonsyde, karibu na mji wa Linlithgow, Scotland. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji wa Kampuni ya East India, kwa hivyo usimhurumie mapema, doo ilikuwapo. Akiwa na miaka 16 hivi akapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari. Unajua zile kozi unazochaguliwa na familia? Basi. Alikaa kama miaka mitatu, afya ikamsumbua, akaacha bila digrii.

Mimi pia niliacha chuo, na nakuambia ukweli, hakuna swali linalochosha kama lile la shangazi kwenye harusi: unamaliza lini? Ndiyo maana nilipofika hapa kwenye maisha ya huyu msee nilikaa wima. Mwaka 1850, akiwa na miaka 20, tayari alikuwa anafundisha elimu ya mimea huko Aberdeen. Leo bila karatasi huitwi hata kwa intavyuu. Lakini tusidanganyane, enzi zile mtoto wa familia kama yake alifunguliwa milango ambayo wewe na mimi tungebaki tunaibisha hadi usiku.

Mwaka 1853 akaoa Jane Dawson, akahamia Ireland kuwa profesa Cork, na mwaka uliofuata akaenda Belfast. Hapo ndipo alianza kuzama kwa wanyama wa familia ya kiti cha pweza, akitazama kwa hadubini vile yai linageuka kuwa mtoto. Mwaka 1865 alichapisha kazi ndefu kuhusu ukuaji wa jamaa mmoja wa karibu wa kiti cha pweza, yule mwenye mikono kama manyoya. Ni kazi ya macho kuuma na mgongo kupinda, na haikumpa umaarufu wowote mtaani.

Sasa, wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba chini ya pima 300, yaani mita 550 hivi, bahari haina uhai. Giza, baridi, mgandamizo, nani ataishi huko? Aliyelisema hilo ni Edward Forbes, mwanasayansi aliyeheshimika sana. Lakini Norway kulikuwa na Michael Sars, mchungaji wa kanisa aliyegeuka profesa, na mtoto wake alikuwa amevua wanyama hai kutoka karibu na kina hicho hicho. Thomson akafunga safari akawaona kwa macho yake. Aliporudi, yeye na rafiki yake William Carpenter wakaanza kuisumbua serikali iwape meli.

Mwaka 1868 jeshi la majini likawapa Lightning, mkebe mzee uliovuja. Mwaka 1869 wakapewa Porcupine, na wavu wao wa kukokota ukashuka zaidi ya kilomita nne. Ukapanda na wanyama hai. Hoja ya Forbes ikaishia hapo.

Halafu ikaja ile kubwa. Tarehe 21 Desemba 1872 meli ya kivita Challenger iliondoka Portsmouth, karibu mizinga yake yote ikiwa imeng'olewa ili kupatikane nafasi ya maabara, na Thomson akiwa kiongozi wa wanasayansi. Wakazunguka dunia. Mabaharia waliichoka ile kazi vibaya sana, kushusha kamba, kungoja masaa, kuvuta matope, kesho tena, na wengi walitoroka bandarini. Siwalaumu.

Januari 1874 walifika visiwa vya Kerguelen, kusini mwa Bahari ya Hindi. Ndiyo, bahari ileile inayopiga Diani, ila huko chini hakuna mnazi hata mmoja, ni mawe, upepo na baridi. Februari wakapita kisiwa cha Heard, na tarehe 16 mwezi huo Challenger ikawa meli ya kwanza ya mvuke kuvuka Duara la Antaktika. Siku chache baadaye, dhoruba ikivuma, wakagongana na mlima wa barafu. Walinusurika.

Ili uelewe kilichomshangaza, lazima ujue viti vya pweza wengi huzaana vipi. Dume anaachilia mbegu majini, jike anaachilia mayai, hayo mambo yanakutana yenyewe, na hakuna anayemjua mwenzake. Jike mmoja anaweza kutoa mayai mamilioni. Kila yai likitunga linakuwa lava, kidudu kinachoelea ambacho hakifanani na mzazi hata kidogo. Kinasukumwa na mkondo kwa wiki kadhaa kikila mimea midogo ya majini, kisha kinatua chini na kubadilika. Wengi huliwa njiani. Ni kama kurusha njugu karanga kwenye umati ukitumaini moja itaota.

Thomson alitarajia kupata lava hao kusini. Nyavu zake laini zilikuwa karibu tupu. Walipofungua wanyama waliotoka chini, ndipo wakaona. Kule Kerguelen kuna kiti cha pweza anayeitwa Leptychaster, ambaye mgongo wake umejaa vijiti vidogo vyenye kofia, kama shamba la uyoga uliobanana. Mayai hukaa chini ya zile kofia. Watoto wanakulia humo, halafu wanajipenyeza kati ya vijiti na kutoka nje, tayari wana mikono mitano. Hakuna kuelea popote. Mwingine wa maji ya kina, Hymenaster, ana paa la ngozi juu ya mgongo lenye tundu katikati linalofunguka na kufungika, chumba cha kulelea kabisa.

Na hawakuwa viti vya pweza peke yao. Jongoo bahari wa kisiwa cha Heard alikuwa na vigae mgongoni vilivyopangika kama tandiko la farasi, na chini yake watoto. Mnyama wa miiba, wa ukoo wa wale wanaotuchoma miguu ufukweni, alikuwa amelaza miiba yake juu ya wadogo kama hema. Mapema 1876, wakirudi nyumbani, walisimama visiwa vya Falkland na kukuta jongoo bahari kwenye mwani mrefu wakiwa na watoto wamejipanga mistari mgongoni.

Challenger ilirudi Uingereza Mei 1876, na ndani ya mwezi mmoja hivi Thomson alikuwa ameshayaandika hayo yote. Malkia Victoria akampa cheo cha Sir. Wengine wangelala mwaka mzima.

Kwa nini baridi na ulezi viende pamoja? Jibu ambalo lilikubalika kwa muda mrefu lilikuja baadaye, kutoka kwa Gunnar Thorson wa Denmark, aliyefanya kazi Greenland mashariki miaka ya 1930. Karibu na ncha za dunia mwanga hupotea miezi mingi, na chakula cha lava hustawi kipindi kifupi tu cha kiangazi. Baridi nayo inachelewesha ukuaji. Kwa hivyo bora utage mayai machache, makubwa, yenye chakula chao ndani, na ukae nayo.

Inaingia akilini, sivyo? Lakini baadaye John Pearse, akifanya kazi McMurdo, Antaktika, alimchunguza Odontaster, kiti cha pweza mwekundu aliye wengi kuliko wote kwenye maji ya kina kifupi huko. Huyo halei. Mayai yake huchukua miezi 18 hadi 24 kukomaa, kisha anayaachilia majini katikati ya majira ya baridi, kwenye giza na maji ya karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na lava wanaelea miezi mitano au zaidi. Kumbe Thomson aliona kweli, ila hakuona yote. Kwangu hilo halimpunguzii kitu. Alisema alichovua.

Kilichomuua ni makaratasi. Challenger ilileta maelfu ya chupa na masanduku, na Thomson akataka kila kundi la wanyama lipewe mtu anayelijua zaidi duniani, hata akiwa Mjerumani au Mmarekani. Baadhi ya wasomi wa Uingereza wakakasirika, eti mali yetu inapewa wageni. Hazina nayo ikawa inalalamikia gharama za uchapishaji na kumbana kwa muda. Alibishana, akaandika barua, akafundisha Edinburgh, akahariri, yote kwa mpigo. Mwaka 1879 mwili ukakataa na akaacha kufundisha. Alifariki Bonsyde tarehe 10 Machi 1882, siku tano tu baada ya kufikisha miaka 52.

John Murray, aliyekuwa naye melini, ndiye alimaliza kazi. Ripoti ilifika majuzuu 50, la mwisho likatoka 1895. Lile la viti vya pweza liliandikwa na Percy Sladen na kutoka 1889. Wanyama wenyewe wako kwenye jumba la makumbusho la mambo ya asili, London, ndani ya spiriti, na baadhi ya lebo bado zina mwandiko wa enzi zile.