Yang Chengfu, Bingwa Aliyeitoa Taichi Uani

Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda, madereva wetu wa Mombasa wanaongoja foleni ya forodha wamenisaili jambo moja. Wameona picha za wazee wa Kichina wakinyoosha mikono alfajiri polepole, kama walio ndani ya maji. Je, mchezo ule waweza kuufaa mgongo uliokaa kitini tangu Kilindini? Naona jibu jema ni kusimulia maisha ya mtu aliyeupa mchezo huo sura yake ya leo.

Yang Chengfu alizaliwa mwaka 1883 katika nyumba ya mabingwa. Babu yake, Yang Luchan, alijifunza ngumi hizi kijijini Chenjiagou, jimbo la Henan, kisha akazifundisha Beijing kwa jamaa za kifalme. Mjukuu hakumdiriki, kwani mzee alifariki mwaka 1872. Siku hizo taichi ilikuwa silaha, na ilirithishwa kama siri ya mganga, baba kwa mwana. Mgeni alipewa kwa kipimo.

Mwaka 1912 ufalme ulianguka. Bunduki zilikwisha kuishinda ngumi, na elimu iliyofungiwa uani ingeweza kufa na wenyewe. Yang akachagua kuwafundisha watu hadharani, kwanza Beijing, na tangu mwaka 1928 huko Shanghai. Aliondoa miruko, vishindo vya miguu na mapigo ya ghafla, akaacha mwendo mpana, ulio sawasawa, ambao hata mzee na mgonjwa wanauweza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1934, na picha zake zamwonyesha mtu wa mwili mkubwa, mnene, asiyefanana kabisa na mashujaa wa sinema. Alifariki mwaka 1936. Hadithi za mapigano yake naziacha, maana kila mwanafunzi ametia chumvi yake.

Basi anayeanza asitarajie kupigana. Siku za mwanzo hufundishwa kusimama tu: kichwa wima, mabega chini, magoti yamelegea kidogo. Kisha huhamisha uzito mguu hadi mguu, mpaka ule mtupu uinuke bila mwili kuyumba. Mapaja yatawaka moto, na hiyo si kitu; lakini goti likiuma amekosea, kwani halitakiwi kupita vidole vya mguu wala kulalia ndani. Mkono wa kulia ataudhania wa kushoto. Mtindo mfupi wa mikao 24, uliotungwa China mwaka 1956 kutokana na ule wa Yang, huchezwa kwa dakika tano au sita, lakini kuushika huchukua miezi. Wataalamu wamethibitisha kuwa huwapunguzia wazee kuanguka. Anayeunadi kuwa hutibu kila maradhi, mkimbieni.

Maalim mmoja wa Busia aliniuliza kama hii si ibada ya watu. Wako walimu wanaoichanganya na falsafa ya Kitao, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza kabla ya kujiunga. Mikao yenyewe ni mazoezi ya viungo. Naye Wang Ziping wa Cangzhou (1881–1973), Mwislamu, alisifika kwa ngumi za Kichina, taichi ikiwamo.

Kando ya lori, nafasi ya hatua nne yatosha. Viatu viwe bapa, na kikoi kibadilishwe kwa suruali pana, kwani hatua ya Yang ni ndefu.