Gaston Planté na Betri ya Risasi

Betri za risasi zinazowasha malori katika barabara ya Iringa na Mbeya zinatokana na kazi ya Mfaransa Gaston Planté (1834-1889), mwanafizikia ambaye mwaka 1855 aliwahi pia kugundua, karibu na Paris, mabaki ya ndege mkubwa wa kale. Mwaka 1859 alikunja pamoja mabamba mawili ya risasi, akayatenga kwa kitambaa na kuyatumbukiza katika asidi ya salfa. Betri hiyo iliweza kuchajiwa upya. Tatizo lilikuwa risasi yenyewe: bamba jipya lilihifadhi umeme kidogo mno. Planté alilichaji na kulimaliza nguvu tena na tena, kwa muda mrefu, hadi uso wake ukajaa vitundu vidogo. Subira hiyo ndiyo hasa utafiti wake. Mwaka 1881 Camille Faure alifupisha kazi hiyo kwa kupaka mabamba rojo ya oksidi ya risasi.