Bob Douglas, bawabu aliyeasisi timu bingwa ya kikapu ya Harlem

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wengi wa mpira wa kikapu wakisikia jina la Harlem, fikra zao huwaendea Harlem Globetrotters, wale mafundi wa vituko na vichekesho vya uwanjani. Ni wachache wanaojua kwamba Globetrotters, licha ya jina lao, walianzia Chicago, na kwamba Harlem yenyewe ilikuwa na timu yake halisi iliyotangulia kuundwa.

Timu hiyo ni New York Renaissance, iliyofahamika kwa kifupi kama Rens. Ilizaliwa mwaka 1923 na kutoweka mwaka 1949, na habari zake haziwezi kutenganishwa na maisha ya mtu mmoja, Robert Douglas, ambaye kila mtu alimwita Bob.

Douglas hakuwa mzaliwa wa Marekani. Alizaliwa Novemba 4, 1882 katika kisiwa cha Saint Kitts, kilichokuwa koloni la Uingereza katika bahari ya Karibiani. Kama walivyofanya vijana wengi wa visiwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 20, alivuka bahari kwenda New York kutafuta riziki, na kazi aliyoipata ni ya ubawabu, kazi ya saa nyingi na ujira mdogo.

Kwao Saint Kitts mchezo uliotukuzwa ni kriketi. Kikapu alikiona kwa mara ya kwanza akiwa New York, na tangu siku hiyo mchezo huo ulimteka. Mwaka 1908 yeye na wenzake waliunda klabu iliyoitwa Spartan, ambamo wahamiaji wa Karibiani waliweza kucheza kriketi, soka, riadha na kikapu. Timu ya kikapu ya klabu hiyo ikaitwa Spartan Braves, naye Douglas akaichezea kabla ya kugeuka kuwa kiongozi wake.

Wakati huo kikapu cha weusi wa New York kilikuwa mchezo wa ridhaa, na viongozi wa chama chao walikuwa wakali kwa yeyote aliyenusa fedha. Chama kilimtaka Douglas awaengue wachezaji wake wawili kwa sababu walikuwa wamewahi kulipwa katika mchezo wa besiboli. Aligoma. Mgogoro huo, ambao ungeweza kuiua klabu, ndio uliomsukuma kwenye uamuzi mkubwa wa maisha yake, yaani kuachana na ridhaa na kuunda timu ya wachezaji wa kulipwa.

Timu ilipatikana, lakini uwanja haukuwepo. Hapo ndipo alipomwendea William Roach, mfanyabiashara mweusi kutoka kisiwa cha Montserrat, ambaye alikuwa mmiliki wa Renaissance, jumba jipya la dansi kwenye barabara ya 7 huko Harlem. Douglas alimpa pendekezo rahisi: timu ipewe ukumbi wa kuchezea, nayo itabeba jina la ukumbi huo popote iendako. Roach alikubali. Jina la Spartan likawekwa kando na timu ikaitwa Renaissance.

Mechi ya kwanza ilichezwa Novemba 3, 1923 dhidi ya timu ya Wazungu iliyoitwa Collegiate Five, na Rens wakashinda kwa pointi 28 kwa 22. Msomaji wa leo asizicheke pointi hizo. Enzi zile kila baada ya kikapu kufungwa mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya, utaratibu ulioondolewa mwaka 1937, kwa hiyo muda mwingi wa mchezo uliishia hapo.

Uwanja wenyewe ulikuwa sakafu ya dansi iliyosuguliwa ikateleza kama kioo. Watazamaji walikuja na suti na magauni yao mazuri, wakaangalia mechi, kisha bendi ikapiga na watu wakacheza dansi palepale wachezaji walipotokwa jasho. Tiketi moja ilinunua starehe mbili, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo akili ya kibiashara ya Douglas ilipojidhihirisha kuliko mahali pengine popote.

Kipimo cha ubora siku hizo kilikuwa Original Celtics, timu ya Wazungu ya New York iliyohesabiwa kuwa bora kuliko zote. Rens waliwafunga kwa mara ya kwanza Desemba 1925. Pamoja na hayo, ligi ya kulipwa iliyoanzishwa mwaka huohuo, American Basketball League, haikuwa na nafasi kwa timu ya weusi.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwapunguza watazamaji wa Harlem, na Douglas akaipandisha timu kwenye basi. Miezi mingi ya mwaka ikawa ni safari, mji baada ya mji, wakicheza karibu kila usiku na Jumapili wakicheza zaidi ya mara moja. Hoteli nyingi hazikuwapokea weusi na mikahawa iliwafungia milango, hivyo timu iliweka makao ya muda katika mji mmoja mkubwa, ikasafiri mamia ya kilomita kwenda kucheza, kisha ikarudi usiku uleule kulala. Mara nyingi chakula kililiwa ndani ya basi.

Douglas mwenyewe alibaki New York kupanga mechi, huku safarini akiwakilishwa na Eric Illidge. Huyu alikuwa mtu wa hesabu. Alihesabu watazamaji mmoja mmoja ili mwandaaji asiwapunje, na hakuruhusu timu iingie uwanjani kabla fedha hazijawa mkononi mwake.

Katika mazingira hayo ndipo Rens walipofanya maajabu ya msimu wa 1932-33. Walikuwa wachezaji saba tu: Clarence 'Fats' Jenkins, Pappy Ricks, Eyre Saitch, Bill Yancey, Casey Holt, Charles 'Tarzan' Cooper na Willie Smith. Jenkins na Yancey walicheza pia besiboli, Saitch alikuwa bingwa wa tenisi. Saba hao walishinda mechi 120 na kupoteza 8, na ndani yake wakashinda 88 mfululizo kati ya Januari na Machi 1933, hadi Celtics walipowasimamisha.

Bado hawakuwa na taji la kuonyesha, kwa sababu hakuna ligi iliyowakubali. Nafasi ilipatikana Machi 1939, Chicago ilipoandaa mashindano ya dunia ya timu za kulipwa, yaliyofunguliwa kwa weusi na Wazungu. Rens waliwatoa Globetrotters katika nusu fainali kwa 27-23, kisha wakawafunga Oshkosh All-Stars, timu ya Wazungu, kwa pointi 34 kwa 25.

Wachezaji walitengenezewa jaketi zenye maandishi ya kuwatambulisha kuwa mabingwa wa dunia wa watu weusi. John Isaacs, kijana mzaliwa wa Panama, alichukua wembe akaliondoa neno lililotaja rangi. Douglas alilalamika kwamba jaketi limeharibiwa; Isaacs yeye aliona kwamba ameliboresha. Kwa hakika waliyemfunga Chicago hakuwa mweusi.

Baada ya vita kuu ya pili ulizaliwa mwaka 1946 umoja wa BAA, ambao ndio uliokuja kuwa NBA. Douglas aliomba kuingia, akiungwa mkono na Joe Lapchick, mchezaji wa zamani wa Celtics aliyekuwa kocha wa New York Knicks, lakini ombi likakataliwa. Katika msimu wa 1948-49 Rens waliingia ligi pinzani, NBL, kuziba pengo la timu ya Detroit iliyofilisika, wakahamishiwa Dayton, Ohio, chini ya Pop Gates aliyekuwa kocha na mchezaji. Walikuwa timu ya kwanza ya weusi watupu katika ligi hiyo, lakini walishinda mechi 14 na kupoteza 26. Agosti 1949 NBL na BAA ziliungana, na Dayton Rens hawakuchukuliwa. Historia yao ikakomea hapo.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1950, NBA iliwapokea wachezaji weusi. Mmoja wao, Nat Clifton, aliyejiunga na Knicks ya Lapchick, alikuwa amewahi kuvaa jezi ya Rens.

Douglas alirudi kusimamia ukumbi wa Renaissance. Timu yake iliingizwa katika jumba la heshima la kikapu huko Springfield, Massachusetts, mwaka 1963, naye mwenyewe akasubiri miaka tisa zaidi, hadi 1972, akiwa amekaribia miaka 90. Alifariki Julai 16, 1979 akiwa na umri wa miaka 96. Ukumbi wake ulibomolewa mwaka 2015 kupisha majengo ya makazi.