Mtakatifu Ambrosi, Mzee Wetu wa Uimbaji



Tunapomshukuru Mungu katika jubilei hii, tumeona vyema tumkumbuke mmoja wa wazee wetu katika utume wa uimbaji. Huyo ni Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano nchini Italia, ambaye sikukuu yake ni tarehe 7 Desemba.

Ambrosi alizaliwa mjini Trier karibu mwaka 340, katika familia ya Kikristo yenye cheo kikubwa serikalini. Alisomea sheria, akawa gavana mwenye makao yake Milano. Mwaka 374 askofu wa mji huo alifariki, na Wakristo wakagawanyika vikali juu ya mrithi wake. Gavana akaenda kanisani kutuliza ghasia. Inasimuliwa kwamba sauti ya mtoto ilimtaja yeye kuwa askofu, na umati wote ukaitikia. Wakati huo alikuwa bado mkatekumeni! Alijaribu kukwepa, asiweze. Alibatizwa, na baada ya siku chache akawekwa wakfu.

Alikuwa mchungaji kweli. Watu walipochukuliwa mateka katika vita vya Wagothi, aliyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa ili awakomboe. Kaisari Theodosius alipoamuru mauaji ya watu wengi kule Thesalonike mwaka 390, Ambrosi alimtaka afanye toba, na Kaisari akatubu.

Lakini sisi wanakwaya tunamkumbuka hasa kwa mwaka 386. Justina, mama yake Kaisari kijana Valentinian wa Pili, alitaka kanisa moja la Milano wapewe Waario, waliokana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba. Ambrosi alikataa. Askari wakalizunguka kanisa. Waumini wakakesha ndani, tayari kufa pamoja na askofu wao. Miongoni mwao alikuwa Monika, mama yake Augustino.

Ili watu wasikate tamaa kwa hofu na uchovu, Ambrosi aliwafundisha kuimba zaburi na tenzi kama ilivyokuwa desturi ya Wakristo wa Mashariki. Waliimba wote, wake kwa waume. Maadui walidai kwamba amewaroga watu kwa nyimbo zake. Mwishowe askari waliondolewa, na kanisa likabaki mikononi mwa waumini. Desturi ile ya kuimba ikaenea katika makanisa mengine ya Magharibi.

Tenzi alizotunga zina beti nane, kila ubeti mishororo minne, na kila mshororo mizani nane. Ni mizani ile ile ya utenzi wetu wa Kiswahili. Wepesi huo ulimwezesha hata asiyejua kusoma kuushika wimbo moyoni. Augustino, aliyebatizwa na Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387, alilia machozi aliposikia nyimbo za kanisa hilo. Mama yake alipofariki, utenzi mmoja wa Ambrosi ulimfariji kitandani usiku.

Mwaka huo huo wa 386, Ambrosi alikuwa akitabaruku kanisa jipya alilolijenga. Waumini wakaomba liwekwe masalia ya mashahidi. Alichimba mahali fulani, akapata mifupa ya Gervasi na Protasi, waliouawa kwa ajili ya imani. Walipokuwa wakiihamisha kwa maandamano, kipofu mmoja aitwaye Severo alipata kuona. Ambrosi alikuwa amejitengea kaburi chini ya altare ile, lakini upande wa kulia akawaachia mashahidi hao.

Alifariki alfajiri ya Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili 397, akazikwa kanisani humo siku ya Pasaka. Kaburi lilipatikana tena mwaka 1864. Hadi leo mahujaji hushuka chini ya altare kuu ya Kanisa la Mtakatifu Ambrosi, wakawaona watatu hao wamelala pamoja, Ambrosi akiwa katikati na mavazi yake ya kiaskofu.

Wapendwa, watu wale wa Milano hawakuwa kwaya. Walikuwa akina mama, wazee, vijana na watoto, waliozingirwa na askari, nao wakaimba. Kwa hiyo leo kwaya ikianzisha wimbo, tunawasihi msikae kutusikiliza tu. Simameni, tuimbe pamoja.

Mtakatifu Ambrosi, utuombee.